Uso Ukipinda, Siku Tatu za Kwanza Ni za Familia

Kolwezi mtu akiamka uso umepinda, swali la kwanza nyumbani si "imeanza lini?" Swali ni "nani?" Nani mlikosana naye juzi. Nani alikuomba pesa ukamnyima. Shemeji yupi aliondoka matangani amenuna. Kabla ya saa sita mchana wajomba wameshapigiwa simu Likasi na Lubumbashi, mama mdogo yuko njiani kutoka Fungurume, na jioni ukoo mzima umekaa uani kumtafuta mlozi. Kikao kinaweza kula siku mbili. Siku ya tatu mgonjwa anapelekwa kwenye chumba cha maombi, baadaye kwa mganga, na hospitali inakumbukwa wiki ya pili, pesa zote zikiwa zimekwisha.

Siandiki haya ili kuidharau familia. Hapa mkoani Lualaba hakuna chombo kinachoweza kukusanya watu, pesa na usafiri kwa haraka kama ukoo ulioshtuka. Serikali haiwezi, kampuni za madini haziwezi, kanisa linajaribu. Kosa letu ni pale tunapoelekeza nguvu hiyo. Tunaimaliza kwa kumsaka mkosaji, wakati ugonjwa wenyewe umetupa saa 72.

Saa hizo zinatokana na kazi ya watafiti wa Uskoti. Mwaka 2007 walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa zaidi ya 500 waliopooza upande mmoja wa uso ghafla, wote wakiwa wamefika kwa daktari ndani ya siku tatu tangu dalili zilipoanza. Baadhi walipewa prednisoloni kwa siku kumi. Baada ya miezi tisa, waliopona kabisa katika kundi la prednisoloni walikuwa asilimia 94.4; miongoni mwa wasioipata walikuwa asilimia 81.6. Jaribio hilohilo lilipima pia aciclovir, dawa ya kupambana na virusi, na ilipotumika peke yake haikuleta faida iliyoonekana. Kwa hiyo dawa iliyosaidia ni kidonge cha zamani, cha bei ndogo, kilichomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Nami nacheka kidogo, kicheko cha uchungu, kila nikifikiria dawa za aina hiyo. Katika miji yetu kuna watu wanaozimeza kwa siri, bila daktari, ili wanenepe na mashavu yajae. Anayetaka mashavu anazipata kibandani bila swali. Aliyepooza shavu anapelekwa kwenye maombi. Naonya hapohapo: prednisoloni si dawa ya kujinunulia. Hupandisha sukari mwilini, huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na mwenye vidonda vya tumbo inaweza kumdhuru. Ndiyo sababu mgonjwa anatakiwa amwone daktari au muuguzi mapema, apimwe, aandikiwe kipimo chake.

Ni ugonjwa gani huu? Kila upande wa uso una neva yake inayotoka kwenye ubongo. Neva hiyo hupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa nyuma ya sikio, kisha hutawanyika kwenye paji, kope, shavu na mdomo. Ikivimba ndani ya mfereji ule haina pa kutanukia. Inabanwa kama mchimbaji aliyekwama kwenye shimo la mgodi mtaani Kasulo, na ujumbe wa ubongo haufiki kwenye misuli. Kwa saa chache tu jicho linagoma kufumba, mdomo unavutwa upande ulio mzima, maji ya kunywa yanachuruzika kidevuni. Duniani watu kama 20 hadi 30 katika kila 100,000 hupatwa kila mwaka. Kwa mji wa watu laki tano, hao ni watu 100 hadi 150 kwa mwaka. Kwa hiyo aliyepatwa mtaani kwako si mtu wa ajabu aliyeteuliwa na walozi. Ana wenzake wengi, ila wamejificha ndani.

Wala si ugonjwa mpya. Tabibu wa Uajemi, al-Razi, aliyeishi katika karne ya 9 na ya 10, aliandika juu yake na akajitahidi kuutofautisha na kupooza kunakotoka ndani ya ubongo. Mwaka 1821 daktari wa Uskoti, Charles Bell, alieleza kazi ya neva ya uso, na hadi leo madaktari wanautaja ugonjwa huu kwa jina lake. Wazee wetu husema "baridi imempiga", na katika asubuhi za Juni na Julai, tunapotoka tumejifunika mablanketi, ni rahisi kuwaamini. Madaktari wa shule ya Kifaransa nao waliusingizia baridi kwa muda mrefu. Leo kinachoshukiwa zaidi ni virusi vilevile vinavyoleta malengelenge ya midomo, ambavyo hulala ndani ya neva kwa miaka, kisha huamka.

Hofu ya familia, hata hivyo, ina msingi, kwa sababu kiharusi nacho hupinda uso. Kuna namna ya kuangalia ambayo kila nyumba ingefaa iijue. Mwambie mgonjwa ainue nyusi kama mtu aliyeshangaa. Neva ya uso ikiwa ndiyo iliyoumia, nusu ya paji hubaki laini, haikunjiki. Kwenye kiharusi paji kwa kawaida hukunjika pande zote mbili, bali mdomo ndio unaoanguka, na mara nyingi mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au maneno hayatoki sawasawa. Mwambie ainue mikono yote miwili na aseme sentensi nzima. Mkono ukishuka, ulimi ukiwa mzito, msingoje pambazuko. Paji lisipokunjika, msiseme "basi ni kitu kidogo" mkarudi kulala: hospitali ni siku hiyohiyo pia. Kipimo hiki cha nyumbani kinakwambia ukimbie kwa kasi gani. Kubaki nyumbani hakumo.

Daktari naye ana maswali ambayo familia isiyachukie. Ataangalia sikio, kwa maana vipele vya maji ndani ya sikio pamoja na maumivu makali vinaashiria virusi vya mkanda wa jeshi, na hapo tiba hubadilika. Ndicho kilichompata mwimbaji Justin Bieber mwaka 2022, akaahirisha maonyesho mbele ya dunia nzima. Atapima sukari na shinikizo la damu. Mjamzito atamchunguza kwa makini zaidi, kwani miezi ya mwisho ya ujauzito huongeza uwezekano wa ugonjwa huu. Tena ataomba kupima VVU. Hapo ndipo vikao vingi huvunjika kwa hasira. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari waliofanya kazi Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, waliandika kwamba kupooza uso kunaweza kuwa miongoni mwa dalili za mwanzo za virusi hivyo. Si kwa kila mgonjwa. Ila anayejua mapema anaanza dawa mapema, na mke, mume au ndugu anayesema "tupimwe wote, twende" amemfanyia mgonjwa kazi kubwa kuliko mchango wowote wa kikaoni.

Sasa jicho. Nitakaa hapa, kwa sababu hapa ndipo Kolwezi inapotofautiana na Uskoti.

Watu wengi hupona hata bila dawa. Utafiti mkubwa wa Denmark, uliofuatilia wagonjwa kwa miaka 25, ulionyesha kwamba karibu asilimia 71 ya ambao hawakutibiwa walirudi sawa kabisa, na asilimia 85 walianza kuona uso ukisogea ndani ya wiki tatu. Uso, kwa hiyo, una nafasi nzuri ya kurudi. Jicho likishaharibika halirudi. Kope isipofunga, machozi hayasambazwi, sehemu angavu ya mbele ya jicho inakauka, inakwaruzika, inapata kidonda, kidonda kinaacha kovu jeupe, na mtu ambaye miezi mitatu baadaye anatabasamu vizuri kabisa anabaki haoni upande mmoja.

Mahali pengine hatari hiyo ni ya wastani. Hapa kwetu malori ya madini hupita usiku na mchana, barabara za mitaa ni udongo mwekundu, na kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni haba. Karibu na mji kuna Kingamyambo, bwawa la mabaki yaliyomwagwa na mtambo wa kuchambulia madini tangu miaka ya 1950. Pamoja na bonde la Musonoi yalihesabiwa kuwa zaidi ya tani milioni 100, na sasa yanachimbuliwa upya kutafuta shaba na kobalti iliyosalia. Mwenye jicho lisilofumba akipanda pikipiki ya abiria kutoka Kapata kwenda mjini katikati ya Agosti, anafika jicho limejaa mchanga.

Watu wengi wataniuliza kama si migodi yenyewe inayopinda nyuso. Swali hilo halitoki hewani. Mwaka 2020 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha kwamba watoto ambao baba zao hufanya kazi za migodini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Tuna haki ya kuishuku kobalti. Lakini ugonjwa huu wa ghafla unapatikana Copenhagen kama unavyopatikana Dilala, na kuutupia mgodi lawama bila ushahidi ni kufanya tena kile kikao cha "nani?", safari hii mshtakiwa akiwa kampuni. Vumbi halipindishi uso. Vumbi linapofusha jicho la aliyepindika, na hilo linatosha kulidai hesabu yake.

Kulilinda jicho si kazi ya daktari bingwa. Mchana ni matone ya machozi bandia mara kwa mara, na miwani, hata ile ya jua inayouzwa barabarani, almradi ifunike pembeni. Usiku ni mafuta ya jicho ya kutoka famasi, kisha kope inashushwa taratibu kwa kidole na kushikizwa kwa plasta. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuifanya vizuri mbele ya kioo, mkono mmoja umeshika kope, mwingine plasta, jicho lenyewe linatoka machozi. Anahitaji mtu. Mtu huyo afanye hivyo kila usiku kwa wiki nyingi, bila kusahau, bila kukunja uso. Plasta isiguse jicho lenyewe. Ukiona jicho limekuwa jekundu, linauma, au mgonjwa anasema anaona ukungu, hiyo ni dharura nyingine na haingoji Jumatatu.

Ningependa kikao cha familia kiulize hivi: nani atafunga jicho usiku? Nani atakwenda famasi? Nani atamsindikiza hospitali, Mwangeji au kwingineko, na atakaa naye kwenye foleni? Nani atamwachia zamu yake sokoni mwezi huu? Hapo "nani?" linakuwa swali zuri kabisa, na lina majibu.

Kuna mateso mengine madogomadogo ambayo asiyepatwa hayajui. Sauti huwa kali kupita kiasi kwenye sikio la upande uliopooza, maana msuli mdogo unaopunguza kelele ndani ya sikio unaendeshwa na neva ileile. Fikiria sasa mtu huyo amewekwa mbele, karibu na spika, kwenye mkesha wa maombi hadi alfajiri. Tunamwombea kwa moyo, huku tunamtesa. Mchungaji anayempenda angemweka nyuma kabisa, au angekwenda kumwombea nyumbani kwa sauti ya chini. Ladha nayo hupotea upande mmoja wa ulimi. Sombe ya mama inakuwa kama majani matupu, na mgonjwa akisukuma sahani mke anadhani amekasirikiwa. Tonge la bukari linaingia kati ya shavu na ufizi, linakaa humo. Munkoyo inamwagika. Watoto wanacheka, kwa sababu ni watoto.

Ndiyo maana wengi huacha kula na watu. Kwanza wanaomba chakula chumbani, kisha hawaji kanisani, kisha wanaiacha zamu yao ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, kisha simu hazipokelewi. Kwa mwanamke mfanyabiashara kujificha huko ni hasara ya pesa taslimu: mteja wa sokoni hununua uso kabla ya bidhaa. Kwa kijana anayetaka kuoa ni hofu nyingine. Kwa mwalimu ni darasa la wanafunzi 60 wanaomtazama mdomo anapotamka "b" na "p", herufi ambazo midomo iliyolegea haiwezi kuzibana vizuri. Anayeshika mdomo kwa kidole upande uliolegea hutamka vizuri zaidi, na asione haya kufanya hivyo.

Kathleen Bogart, mtaalamu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, alizaliwa na kupooza kwa uso, na ametumia maisha yake ya kazi kuchunguza jinsi watu wanavyomsoma mtu ambaye uso wake hausogei. Tunakosea sana, anaonyesha: tunamwona mtu huyo hana furaha, hana urafiki, amechoka nasi. Waliozaliwa hivyo, katika utafiti wake na wenzake wa mwaka 2012, walionekana wamejifunza kutumia zaidi sauti, mikono na maneno kuonyesha hisia. Waliopatwa ukubwani walikuwa nyuma katika hilo. Kwamba hilo linaweza kujifunzwa ni habari njema kwetu watu wa Katanga: tangu lini tuliongea bila mikono? Mgonjwa atumie mikono, acheke kwa sauti, aseme waziwazi "nimefurahi", kwa kuwa shavu halitamsemea. Sisi tulio mbele yake tuache kuutazama mdomo wake. Tutazame macho, tusikilize sauti. Tusimseme pembeni, wala tusimsemee yeye akiwapo.

"Pole" inatosha siku ya kwanza. Siku ya kumi inaanza kumchosha. Kinachosaidia kuliko pole ni kumwalika: njoo ule, hapa kuna mrija na kikombe chako, njoo kwenye mkutano, keti upande huu ili utusikie bila kelele. Kisichosaidia ni kumwambia kila asubuhi "leo afadhali", wakati kioo kinamwambia vingine. Piga picha mara moja kwa wiki, ziwekwe kwenye simu ya mtu mmoja anayeaminika, naye asimwonyeshe mtu mwingine. Mabadiliko ya siku kwa siku hayaonekani. Ya wiki nne huonekana, na picha hazibembelezi wala hazidanganyi.

Juu ya mazoezi na matibabu ya kienyeji nitapita haraka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule tunayemwita kine, atafundisha miondoko midogo ya taratibu mbele ya kioo. Kulazimisha kwa nguvu, kutafuna vitu vigumu kutwa, au kumpiga mtu umeme shavuni kwa mashine ya mtaani, hakuharakishi. Neva iliyoumia sana inaweza kuota vibaya, jicho likafumba kila mdomo unapotabasamu, na kujilazimisha hakusaidii hapo. Kuchanja chale shavuni na kupaka majivu kunaacha alama ambazo hazikuletwa na ugonjwa, wakati mwingine na usaha. Mganga anayeheshimika ataelewa akiambiwa: baba, utuombee, utupe ushauri wako, lakini ngozi ya uso usiiguse, na hospitali tumeshakwenda. Sioni sababu ya kupigana naye. Mtu akitaka dua na dawa kwa pamoja, apewe vyote viwili, dawa ikitangulia kwa saa.

Wapo ambao uso haurudi wote. Kwao ningemtaja Jean Chrétien, mwanasiasa wa Kanada. Alipooza upande wa kushoto wa uso akiwa mdogo, na mdomo wake ulibaki umepinda maisha yote. Katika kampeni za uchaguzi wa Kanada mwaka 1993, chama tawala cha Kim Campbell kilirusha tangazo la televisheni lenye picha za uso wake, likiuliza kama huyu anafanana na waziri mkuu. Wananchi walikasirika, hata ndani ya chama chenyewe, na tangazo likaondolewa upesi. Chrétien alijibu kwamba ni kweli anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, tofauti na wapinzani wake wanaoongea kwa pande zote mbili. Chama kilichokuwa kimepata viti 169 mwaka 1988 kilibaki na viti viwili. Sababu za anguko hilo zilikuwa nyingi, uchumi ukitangulia, na sitaki kudai kwamba mdomo mmoja uliwaangusha. Lakini Chrétien alitawala miaka kumi, akashinda chaguzi tatu mfululizo. Ninachokipenda katika kisa hiki si ushujaa wake. Ni wale watu wa kawaida waliopiga simu kulalamika, baadhi yao wakiwa hawamuungi mkono. Walikataa tu uso wa mtu ufanywe kichekesho. Mtaani kwetu, picha ya jirani aliyepinda mdomo ikianza kuzunguka kwenye simu, nani hupiga simu kukataa?

Waajiri nao. Mlinzi, dereva wa lori, mchomeleaji, kibarua wa siku katika kampuni ndogo inayofanya kazi kwa kampuni kubwa: huyu akionekana uso umepinda, msimamizi anaogopa kiharusi, anamwambia apumzike nyumbani, na kwa kibarua kupumzika ni kufukuzwa. Mwenye jicho lisilofumba kweli hafai kukaa karibu na kinu cha kusaga mawe wala kuchomelea. Ahamishiwe kazi ya ndani kwa wiki kadhaa, kwa barua ya daktari, kisha arudi. Nchi yetu, Kongo, ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, kwa wale watakaobaki na athari. Vyama vya wafanyakazi viisome.

Zamani swali la nani atamsaidia mgonjwa halikuwa gumu namna hii. Mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, alikuwa na hospitali, mkewe na watoto wake pia. Kampuni ilikuwa baba. Mwaka 2001 mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alichapisha kitabu kuhusu watoto wa shaba walioachwa na baba yao, na miaka miwili baadaye zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa hiari. Baba hatarudi. Mimi si miongoni mwa wanaomlilia, kwa kuwa baba yule alijua pia kuamuru mpaka ndani ya jikoni. Ila alipoondoka, kila ugonjwa wa ghafla uliangukia mikononi mwa familia, na familia ikaushika kwa zana ilizokuwa nazo: kikao, maombi, mchango. Hatukuwahi kukaa tukaiongezea zana nyingine.

Pesa ya kuiongezea ipo. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na fedha hizo husimamiwa na chombo ambacho wawakilishi wa jamii wanakaa ndani yake. Nchi hii hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa hutoka hapa Lualaba. Vyombo hivyo vimezoea kujenga madarasa, visima na ofisi, na kuvizindua kwa utepe. Mirija ya mafuta ya macho haizinduliwi kwa utepe. Wala sanduku la prednisoloni, wala mshahara wa kine mmoja wa kuzunguka vituo vya afya vya Dilala, Manika na Fungurume.

Kwa hiyo nawaomba: wajumbe wenu katika vyombo hivyo, mnaowajua kwa majina, waulizeni katika mkutano ujao kama kituo cha afya cha mtaa kina mafuta ya jicho, plasta na prednisoloni, na kama muuguzi wa zamu ya usiku amefundishwa kumwambia mgonjwa ainue nyusi. Kama jibu ni hapana, liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, likiwa na tarehe ambayo vitu hivyo vitafika.